Theluji ya Ziwa Erie: nyuzi tano za upepo zinavyoamua mtaa upi utafunikwa

Novemba 2014, vitongoji vya kusini mwa Buffalo, New York, vilipata theluji ya zaidi ya sentimita 150 kwa siku chache, na magari yalikwama kwenye barabara kuu kwa zaidi ya saa 24. Vitongoji vya kaskazini vilipata sentimita chache tu. Aliyekuwa katikati ya jiji aliuona ukuta mweupe umesimama upande wa kusini, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Kujua kwamba theluji ya ziwa itaanguka si kazi ngumu siku hizi. Kazi ngumu ni kusema ukuta huo utasimama mtaa gani, na kwa saa ngapi.

Aliyekulia Bukoba anajua kwamba ziwa hujipikia mvua lenyewe. Erie, ambalo Buffalo iko kwenye ncha yake ya mashariki, hufanya vivyo hivyo, ila jiko lake huwashwa na baridi. Mwezi wa Novemba maji bado yana nyuzi 9 au 10 za Selsiasi, na hewa ya Aktiki inashuka kutoka Kanada. Hewa hiyo hupashwa joto na kuloweshwa kwa chini, inakuwa nyepesi, inapanda na kujenga mawingu.

Ninapotabiri, mimi huanza na tofauti ya joto kati ya uso wa maji na hewa iliyo kwenye milibari 850, yaani kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ikifika nyuzi 13, mlango umefunguka. Namba hiyo haikuokotwa tu: hewa kavu inayopanda hupoa nyuzi 1 hivi kila mita 100, na Erie iko mita 174 juu ya bahari, hivyo kutoka majini hadi kiwango hicho ni mita 1,300 na ushee, yaani nyuzi 13 za kupoa. Maji yakiwa nyuzi 9 na hewa ya juu nyuzi -10, tofauti ni 19, na hapo hewa inapanda kwa nguvu.

Kisha natazama kifuniko. Juu ya hewa baridi huwa kuna tabaka lenye joto zaidi ambalo huzuia mawingu yasipande. Likiwa chini ya kilomita 1, utapata vumbi la theluji tu. Likipanda hadi kilomita 3, mawingu yanarefuka na hata radi hupiga katikati ya theluji. Wingu likiwa na sehemu nene kati ya nyuzi -12 na -18, fuwele hukua kama nyota zenye matawi sita na kunasa hewa nyingi. Theluji ya kawaida hukadiriwa kwamba milimita 1 ya maji hutoa sentimita 1. Hii ya nyota hutoa sentimita 2, pengine 3. Mtabiri akisahau hili, kiasi chake cha maji kitakuwa sahihi na kina chake cha theluji kitakosea kwa nusu nzima.

Sasa upepo, na hapa ndipo utabiri mwingi huharibika. Erie lina urefu wa kilomita 388 na limelala kutoka kusini-magharibi kuelekea kaskazini-mashariki. Upepo ukifuata urefu huo, mawingu yote hukusanyika kuwa mkanda mmoja wenye upana wa kilomita 10 hadi 30, unaoweza kumwaga sentimita 5 hadi 10 kwa saa. Kwenye dira, upepo unaotoka takriban nyuzi 240, yaani kusini-magharibi, huupeleka mkanda Buffalo mjini. Ukisogea hadi 250 na kitu, vitongoji vya kusini ndivyo vinavyoupata. Ukipita 270, theluji hutawanyika kwenye vilima vya Chautauqua, kusini-magharibi mwa Buffalo. Piga hesabu: baada ya safari ya kilomita 100, kosa la nyuzi 5 ni kilomita 9 hivi, na nyuzi 10 ni kilomita 17. Mkanda mzima umehama. Upepo wa chini na wa juu nao lazima ukubaliane kwa mwelekeo: ukitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 30 mkanda hudhoofika, zaidi ya 60 husambaratika.

Mifumo ya kompyuta ya utabiri yenye miraba ya kilomita 3 huchora mkanda vizuri, lakini ikiuweka mahali pasipo, uzuri wa mchoro humdanganya msomaji. Siamini mchoro mmoja. Nalinganisha kadhaa, kisha nafuata rada saa kwa saa.

Hata kupima kuna sheria. Tumia ubao mweupe wa sentimita 40 kwa 40, uufute si zaidi ya mara moja kila saa 6. Theluji mpya hujishindilia yenyewe. Ukipima kila saa na kujumlisha, utapata kina ambacho hakijawahi kuwepo. Januari 1997, Montague, mji mdogo wa New York karibu na Ziwa Ontario, iliripoti sentimita 195 kwa saa 24, na haikukubaliwa kuwa rekodi ya taifa kwa sababu vipimo vilikuwa vingi kuliko inavyoruhusiwa.

Kina pekee hakisemi madhara. Oktoba 2006 Buffalo ilipata sentimita 57 tu, lakini ilikuwa theluji nzito yenye maji na miti ilikuwa bado na majani: matawi yalivunjika juu ya nyaya, na karibu wateja 400,000 wakakosa umeme. Novemba 2022 Orchard Park, kitongoji cha kusini mwa Buffalo, ilipata karibu mita 2, na waliokufa walikuwa wachache. Mwezi uliofuata theluji ilikuwa pungufu, lakini upepo wa dhoruba ulifuta uwezo wa kuona kwa saa 37 mfululizo, magari ya wagonjwa yakashindwa kufika, na watu zaidi ya 40 walifariki katika kaunti ya Erie, yenye jiji la Buffalo. Marufuku ya magari ilitangazwa asubuhi, wafanyakazi wengi wakiwa tayari wametoka. Kwangu, onyo lisilofika kabla ya zamu ya asubuhi limechelewa.

Wakongomani na Warundi wengi wanaishi Buffalo, na maonyo mengi huja kwa Kiingereza, hivyo mtafsirie jirani mambo mawili: saa ya kuanza, na mtaa. Weka chakula na dawa za siku tatu. Toka ukaangalie mabomba meupe ya plastiki ya tanuru ya gesi yanayochomoza ukutani. Theluji ikiyaziba, tanuru huzimika au gesi ya kaboni monoksaidi hurudi ndani, na haina harufu. Ukikwama barabarani, baki garini, fukua ekzosi kwanza, washa injini dakika 10 kila saa, na acha kidirisha wazi kidogo upande usio na upepo. Paa la bapa nalo: mita 1 ya theluji nyepesi ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na mvua ikinyesha juu yake kabla haijayeyuka, maji hubaki humo kama ndani ya sponji. Ikitabiriwa mvua, paa lifutwe siku moja kabla, kwa reki ndefu, ukiwa umesimama chini.