Meseji ikishafutwa: tunayoambiana mtaani na ukweli wake

Juzi kati hapa kaja mama mmoja anauza ndizi soko la Kilombero, mteja wangu wa siku nyingi, shikamoo marahaba tukamaliza, akaniwekea simu mezani akasema baba nirudishie meseji za dalali. Kumbe mjukuu alikuwa anachezea simu kafuta meseji zote za dalali wa kiwanja cha Kwa Mrombo, hela ya kwanza imeshatumwa, na dalali mwenyewe kaanza zile za "mama hatukukubaliana hivyo". Kabla hata hajavuta stuli ameshaniambia jirani yake wa mezani kasema fundi anachomeka tu simu kwenye kompyuta kila kitu kinarudi. Mimi ni fundi simu, hiyo sentensi naisikia karibu kila wiki hapa Arusha na hata nikishuka Moshi naikuta hukohuko, kwahiyo leo naiandika yote nimalize.

Hiyo ya "kitu cha kwenye simu hakifutiki" ni nusu kweli na ndo inayofanya watu waliwe hela. Kwenye Android meseji zote za kawaida zinakaa kwenye faili moja la databesi, linaitwa mmssms.db. Ukifuta meseji simu haichani karatasi, inaandika tu kwamba hiyo nafasi sasa iko wazi. Chukulia meza ya sokoni, mwenye nyanya akihama leo meza ipo na alama za nyanya bado zipo, ila kesho asubuhi ukichelewa unakuta mtu kapanga vitunguu na nyanya hazijulikani zilienda wapi. Meseji mpya zikiingia, za bando, za bahati nasibu, za "tuma kwenye namba hii", zinaenda kukaa palepale. Na simu za siku hizi zina kautaratibu ka kusafisha nafasi zilizoachwa wazi, hakasubiri mpaka mpangaji mpya aje, kwa Android hiyo ilianza 2013 na toleo la 4.3.

Sasa tuseme alama za nyanya bado zipo, fundi anazifikiaje? Hapo ndo jirani wa mama hajui. Lile faili limefungiwa sehemu ambayo programu ya kawaida haiingii, kompyuta yangu nayo haiingii, mpaka simu iwe imerutiwa, yaani imefunguliwa mpaka ndani kabisa kwenye mfumo wake. Kuruti kunataka kwanza ufungue butiloda, ile programu inayoiwasha simu, na kufungua butiloda kwenye simu nyingi kunafuta simu nzima! Yaani unavunja nyumba kutafuta funguo iliyopotea ndani ya nyumba. Polisi wana wataalamu wa uchunguzi na mashine zao, na hata wao si kila simu inawakubalia.

Nikiri kitu. Nilipoanza kazi nilikuwa nachukua elfu kumi ya "kujaribu". Nachomeka simu, nafungua programu moja ya kuchakachua, kimstari cha kijani kinatembea asilimia mpaka mia, mteja kakodoa macho, mwisho inaleta orodha ndefu ya meseji. Mteja anafurahi mpaka aangalie vizuri agundue ni zilezile ambazo hazijafutwa. Niliacha baada ya mzee mmoja kuniangalia bila kusema neno akalipa akaondoka, ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Kwahiyo fundi akidai hela mbele ya kurudisha meseji kwenye Android ambayo haijarutiwa, muulize kwanza atapita wapi, akianza kuzungukazunguka beba simu yako.

Kabla hujalia angalia kama kweli imefutwa. Ile programu ya meseji ya Google ukitelezesha kidole pembeni juu ya mazungumzo, kawaida inayapeleka sehemu ya kumbukumbu (Archived), haifuti, yapo kwenye menyu unayarudisha dakika moja. Angalia na upande wa meseji za usumbufu (spam) na waliozuiwa. Samsung wana kapu lao la taka, kilichofutwa kinakaa siku 30 kama limewashwa. iPhone kuanzia iOS 16 ya 2022 ipo sehemu ya zilizofutwa karibuni, zinakaa siku 30 na zikizidi sana 40. Wateja wawili watatu niliwasaidia hivyo na sikuwachaji kitu, ningechaji nini.

"Nitarinyuu laini, meseji zinarudi." Hapana. Laini ya zamani ilikuwa inabeba meseji chache, enzi za kitochi, simu ya tachi inaandika kwenye memori ya simu. Ukirinyuu unarudishiwa namba basi.

Kuna wanaokwenda duka la mtandao wa simu kudai wapewe meseji zao, wanarudi na hasira. Jinsi meseji inavyosafiri, inafika kwenye mtambo wa kampuni, inasubiri mpaka simu ya mpokeaji ipatikane, ikishafika kazi ya mtambo imeisha, haukuwekei stoo ya maneno uje uchukue. Habari za nani alimtafuta nani saa ngapi zipo, ila hizo wanapewa vyombo vya dola kwa utaratibu wa sheria, wewe na mimi hatupewi kaunta. Lakini hapohapo kuna kitu watu wanakisahau kabisa, MIAMALA. Meseji ya M-Pesa au Airtel Money ikifutika muamala wenyewe haujafutika, unaomba taarifa ya miamala kwenye menyu au apu yao au dukani na kitambulisho, inatoka na tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Kwa mama wa ndizi nilianzia hapo, maana ushahidi mkubwa ni hela ilikwenda kwa nani, maneno yanafuata.

Apu za Play Store za "rudisha meseji zilizofutwa" nazo. Nyingi hazirudishi chochote cha nyuma, zinachofanya ni kunakili notifikesheni, zile taarifa zinazochungulia juu ya kioo, kuanzia siku ulipoiweka, yaani umewekewa mlinzi baada ya mwizi kuondoka. Na huyo mlinzi anaomba ruhusa ya kusoma meseji zako zote na namba za uthibitisho za benki humohumo. Google wenyewe walibana ruhusa ya kusoma sms kuanzia 2019, ndo maana utaona nyingine zinakwambia pakua faili nje ya duka, hapo kimbia. Kama unataka hicho cha notifikesheni, Android 11 kwenda juu inacho chenyewe, ingia setingi, notifikesheni, historia ya notifikesheni, washa, utaona za saa 24 zilizopita, hata ile ya WhatsApp mtu aliyotuma akaifuta haraka. Ila lazima uwe umeiwasha KABLA.

WhatsApp yenyewe ina nafuu kidogo. Kwenye Android inajitengenezea bekapu, yaani nakala ya akiba, ndani ya simu kila usiku saa nane, na inatunza za siku kama saba. Umefuta mchana? Basi bekapu ya jana usiku bado ina ile meseji, una muda mpaka saa nane usiku kabla haijaandikwa mpya, maana kawaida WhatsApp inarejesha ile ya mwisho. Ukiitoa WhatsApp ukairudisha unarejesha ya jana, ila meseji za leo zote zinaondoka, chagua unachokilia zaidi.

Na hawa wanaoleta simu ya mwenzake, "fundi nitolee alizofuta mume wangu", au kaka kabeba simu ya mchumba anatetemeka. Mimi siifanyi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayeingia kwenye simu ya mtu bila idhini na mimi fundi nimo, halafu nishashuhudia ugomvi hapo kwenye benchi langu nikapoteza kioo cha mteja mwingine kabisa.

Turudi kwa mama, maana kuna dhana moja hiyo ndo inaniumizaga kichwa, "si nina Gmail, bekapu ipo". Kwanza bekapu ya Android kawaida inasubiri simu iwe kwenye chaji, imetulia, na iko kwenye waifai. Sisi tunaishi kwa bando, waifai utaiona wapi, mpaka uingie setingi uruhusu itumie data. Pili, inaandika juu ya ya zamani, ukifuta meseji leo bekapu ijayo nayo haina. Tatu, meseji zinarudi wakati unaanzisha simu upya, kwahiyo ni kufuta simu yote kwanza, na kwa simu zilizotoka na Android 10 kuja juu data yote imefungwa kwa funguo, ukirisetisha funguo imekufa, usipokuwa na uhakika na bekapu hakuna fundi wa Arusha wala wa Dubai atakayekufufulia. Na simu ukiiacha kabatini siku 57 bila kuitumia Google wanaifuta bekapu.

Nikafungua ya mama. Gmail ipo kweli, jina hata silielewi, nikamuuliza paswodi, akaniambia "hiyo aliweka kijana aliyeniuzia simu". Miaka miwili mama anatumia akaunti ya kijana wa dukani! Nikaishiwa nguvu. Tukaacha simu, nikamuuliza mama, hizo meseji kuna mtu ulimuonyesha? Akafikiria, akasema alimpigia skrinshoti mwanaye yuko Moshi, Pasua, alikuwa anamuomba ushauri kama bei ni sawa. Tukampigia palepale, skrinshoti mbili zikaingia, ya kiasi na ya ukubwa wa kiwanja, na namba ya dalali inaonekana juu. Nikamwambia kijana asizikate pembeni na asifute zilipo, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii lakini mahakama inaangalia pia umetunzwaje. Halafu hata simu ya dalali inazo, labda naye ana mjukuu.

Jumanne mama kapita na karatasi ya miamala imegongwa muhuri, anaelekea kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamfungulia Gmail yake mwenyewe, paswodi kaiandika kwenye daftari la wadaiwa, simu nikaiwekea namba ya siri. Mjukuu kanuna hatusalimiani.