Epoksi haikaushi sakafu yenye maji

Wiki hii nimepigiwa tena simu ileile: "Fundi, sakafu yangu inatoa maji, njoo unipigie epoksi izibe." Sasa naandika, maana kulieleza hili kwenye simu kumenichosha. Epoksi ya kawaida, ile rangi ngumu ya sakafu, hutaka sakafu ambayo tayari ni kavu. Ukiipaka juu ya jamvi, yaani zege la sakafu, lenye maji, maji yanabaki palepale chini yake pamoja na chumvi na ukali wa saruji, na baada ya miezi unaona malengelenge. Toboa moja uone: ndani kuna maji yenye utelezi. Mwenye nyumba atasema rangi ilikuwa feki. Rangi haikuwa na kosa lolote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sakafu za pwani zinalowa kwa njia tatu tofauti, na watu wanazipa zote dawa moja.

Njia ya kwanza ni hewa. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mvuke wake unageuka maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Chumba cha ndani kisichopata jua kimepoa usiku kucha. Asubuhi unafungua madirisha, upepo wa baharini unaingia, sakafu inalowa. Hapo msingi wa nyumba hauhusiki kabisa. Unasubiri tu sakafu ipate joto, iwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango hicho cha umande, ndipo ufungue kopo.

Njia ya pili ni ardhi. Kama aliyejenga hakutandika nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi, unyevu unapanda kupitia zege mwaka mzima, na ukipaka juu ndipo unaufungia. Hapa zipo epoksi maalumu za kuzuia unyevu, zinapakwa mwanzo kabisa na zina bei yake. Nazo zinataka zege lililosagwa vizuri, na usizitegemee pale ambapo maji yenyewe yanasukuma kutoka chini.

Njia ya tatu ndiyo nisiyosikia mtu akiitaja, na huku kwetu ndiyo inayonisumbua: chumvi iliyomo ndani ya zege lenyewe. Mtu alichota mchanga ufukweni kwa sababu uko karibu, au alichanganyia zege maji ya kisima cha chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75, na usiku wa Mtwara au Lindi unapita hapo bila shida. Kwa hiyo sakafu inatoka mabaka meusi usiku, yanafifia mchana, yanarudi tena, na fundi anaapa kwamba kuna bomba limepasuka.

Kuzitofautisha, kata nailoni nene inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, uiache angalau saa 16. Mimi naiacha mchana na usiku wake. Ukikuta matone juu ya nailoni, ni hewa. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi hapo, maji yanatoka chini au jamvi bado bichi. Na ukikuta nailoni kavu juu na chini huku sakafu iliyoizunguka ina mabaka, mimi naanza kushuku chumvi, kwa sababu pale chini ya nailoni chumvi haikupata hewa ya kunywa.

Sasa niseme ambalo wauza rangi hawalisemi. Kipimo hiki nakiamini kikisema "mbichi". Kikisema "kavu" sikiamini sana. Zege na hewa vikiwa na joto sawa, unyevu unaweza kuwepo ndani na matone yasitokee. Tena nailoni ya Septemba, kusi ikivuma na ardhi imekauka, haikwambii lolote kuhusu Februari mvua ikiwa imeshiba ardhini. Ndiyo maana nauliza majirani na kuangalia kuta: rangi ikiwa imebabuka na unga mweupe umetoka usawa wa chini, nailoni inaweza kusema itakavyo, mimi sipaki. Na jamvi lenye chumvi tangu chini hadi juu simdhamini mtu. Namwambia wazi: lipasue umwage jingine, au weka vigae, vinavumilia zaidi.

Bahati mbaya pesa za korosho zinaingia mwishoni mwa mwaka, mvua nayo ndiyo inaanza. Mwenye nyumba ana hela mkononi, hataki kusikia habari ya kusubiri hadi Julai. Naelewa. Lakini jamvi jipya linahitaji siku 28 hata kiangazi, na masika hizo siku 28 hazitoshi.

Maandalizi yenyewe. Sakafu zetu nyingi zimepigwa niru, na niru ndiyo watu wanaipenda kwa kuwa inang'aa. Ni utando wa saruji tupu. Epoksi inaishika niru vizuri sana, kisha niru inabanduka kwenye zege na kuondoka na epoksi yako. Isage yote kwa grenda yenye kikombe cha almasi hadi uso uparuze kama msasa, huku unafyonza vumbi. Kama ni sakafu nyekundu iliyopakwa polishi ya nta kwa miaka, ondoa nta kwanza kwa sabuni ya kukata mafuta. Ukianza na grenda, joto linaiyeyusha na kuipakaza kila mahali. Ukimaliza dondosha maji: yakinywewa upesi, sawa. Yakisimama kama matone, endelea kusaga.

Asidi badala ya grenda? Hapana. Inaongeza maji kwenye sakafu unayojaribu kuikausha, na isiposuuzwa vizuri inaacha chumvi nyingine juu ya chumvi.

Nyumba za kale za Mikindani zenye sakafu ya chokaa na matumbawe naomba ziachwe. Chokaa ile inapumua, na haina nguvu ya kuishikilia epoksi.

Saa ya kupaka ina mgogoro ambao sijaumaliza. Zege likipata joto asubuhi hewa yake inatoka na kuacha vitundu kwenye rangi, kwa hiyo vitabu vinasema paka joto likishuka. Huku joto likishuka unyevu unapanda. Mimi napaka praima, yaani mkono wa kwanza, alasiri, mapema, na kuiacha ishike kabla ya magharibi.

Kesho yake, ukipitisha kidole na kukuta utando wa mafutamafuta, hiyo ni hadena, ile dawa inayochanganywa na epoksi ili igande, imekutana na unyevu wa usiku. Usianze na msasa, utausambaza. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kabisa, ndipo upige msasa na kupaka mkono wa pili.