Mji Uliowekwa Wakfu

Mwislamu wa pwani akisikia neno wakfu hukumbuka msikiti, kisima, shamba la minazi ambalo mtu alilitoa kwa ajili ya Mungu. Mkristo hukumbuka siku kanisa jipya lilipofunguliwa kwa maombi. Sasa soma Yoshua 6:17 katika Biblia ya Union Version: Yeriko nao utakuwa wakfu kwa BWANA. Aya nne mbele wakfu huo unatimizwa kwa makali ya upanga, wanaume na wanawake, vijana na wazee, ng'ombe, kondoo na punda.

Nafundisha Kiebrania cha Agano la Kale, na tukifika hapo darasa hunyamaza. Neno lenyewe ni herem, na lina undugu na neno letu: mzizi wake, h-r-m, ndio uliotuletea haramu kupitia Kiarabu. Kilichofanywa herem kimetoka mikononi mwa watu, ni cha Mungu peke yake. Fedha na dhahabu ya Yeriko ikaingia katika hazina ya BWANA. Watu hawakuruhusiwa hata kutekwa wawe watumwa. Wakauawa.

(Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kuanzia 1952 hadi 1958 na hakuona kuta za mji za zama ambazo kwa kawaida hudhaniwa kuwa za Yoshua. Kwangu mimi hilo halipunguzi uzito. Aliyeandika alitaka tuamini kwamba ilikuwa hivyo, na kwamba ilikuwa ibada.)

Wako wanaosema chanzo cha ukatili huu ni imani ya Mungu mmoja: ukishasema Mungu wako ndiye pekee, wa jirani anakuwa uongo na jirani mwenyewe anakuwa adui. Siikubali hoja hiyo, na jiwe moja lenye maandishi linanitosha.

Lilionekana mwaka 1868 huko Dhiban, katika Jordan ya leo, na sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Anayezungumza ndani yake ni Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK. Anasema Israeli iliwatesa Wamoabu kwa sababu mungu wao, Kemoshi, alikuwa ameikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akamwamuru autwae Nebo, mji uliokuwa wa Israeli. Akapigana tangu alfajiri hadi adhuhuri, akaua watu 7,000, wanawake wakiwemo, kwa kuwa mji alikuwa ameufanya herem kwa mungu Ashtari-Kemoshi. Mzizi ni ule ule, h-r-m. Halafu akaviburuta vyombo vya Yahwe, Mungu wa Israeli, mbele ya Kemoshi. Mesha hakukana kwamba Yahwe yupo. Alijisifu kuwa mungu wake amemshinda.

Israeli ya zamani nayo ilizungumza hivyo. Katika Waamuzi 11:24 Yeftha, kiongozi wa Israeli, anamwambia mfalme wa Waamoni: shika unachopewa na Kemoshi mungu wako, nasi tutashika tunachopewa na BWANA. Kauli kali kabisa ya umoja wa Mungu iko Isaya 45, maneno ya zama za Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeuteka Babeli mwaka 539 KK. Waliotamka "hapana mwingine" kwa sauti hiyo walikuwa Waisraeli wa uhamishoni, watu wasio na mfalme wala jeshi.

Umoja huo uliwaletea mzigo wa namna nyingine. Mesha akiona pigo angeweza kutaja mungu wa jirani; wao hawakuwa na wa kumtaja. Isaya 45:7 inakubali waziwazi: Mungu huyo huyo anaiumba nuru na kuhuluku ubaya. Si wote waliolivumilia neno zito kama hilo. Katika 2 Samweli 24 ni BWANA aliyemtia Daudi nia ya kuwahesabu watu, kisha akawapiga kwa tauni. Mwandishi wa 1 Mambo ya Nyakati 21, aliyekuja baadaye, anasimulia habari hiyo hiyo, ila anayemshawishi Daudi sasa ni Shetani. Waliokufa bado ni 70,000, na anayeleta tauni, hata kwake, ni BWANA.