Dirisha la David Tasma

David Tasma alifariki London mwaka 1948. Alikuwa Myahudi wa Warsaw, Poland, mkimbizi, mhudumu wa mgahawa, na saratani ilimpata akiwa na miaka 40 tu, ikiwa imeshafika pasipowezekana kupasuliwa. Kilichomuuma kuliko ugonjwa ni kuona kwamba ameishi bure, kwamba ataondoka na dunia isijue aliwahi kupita. Aliyekuwa akikaa kando ya kitanda chake ni Cicely Saunders, aliyeanzia uuguzi na wakati huo akiwa ofisa ustawi wa jamii. Wakawa wanawaza pamoja jinsi mahali pa kuwatunza watu wa hali yake pangekuwa. Tasma alimwachia pauni 500 na ahadi: atakuwa dirisha katika nyumba hiyo ya Saunders.

Nyumba yenyewe haikuwapo. Saunders akarudi kusoma, akafuzu udaktari mwaka 1957, kisha akaonyesha kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, ikitolewa kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yarudi, mgonjwa hutulia na akili zake zikabaki timamu. Hospisi ya St Christopher's, nyumba ya London ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilifunguliwa mwaka 1967, na dirisha la Tasma lipo. Huku kwetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni mzito, na Tasma hunitia moyo kwa sababu hakujifanya jasiri. Alisema wazi linalomsumbua, akapata wa kumsikiliza. Sisi tunapenda kumwambia mgonjwa "jikaze." Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia. Mtu ambaye hajalala siku kadhaa kwa maumivu atajikaza kwa nguvu zipi? Atulizwe kwanza: mofini kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo na watu wengi huiacha kwa sababu hiyo.

Nilimhudumia mama mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Baada ya kupata usingizi wa usiku mzima, aliomba aketishwe na sanduku lake lifunguliwe. Akatoa kanga, doti moja baada ya nyingine, akisoma maandishi yake na kutaja mjukuu wa kupewa. Binti yake akaingilia, "Mama, usiseme hayo, utapona." Akamjibu taratibu, "Niache nigawe kwa mkono wangu, mwanangu."

Ndugu mnaouguza, msimkatize mtu wa namna hiyo. Muulizeni anataka kukamilisha nini. Ikiwa ni deni, wosia, au kuombana radhi na ndugu waliyekosana, msaidieni, na huyo ndugu mpigieni simu leo, wakati mgonjwa bado anaweza kuzungumza.