Bashiri kwanza, ndipo uguse skrini

Walimu wa hisabati ninaofanya nao kazi huniuliza swali moja kuliko yote: programu ipi ni nzuri? Huwa nawajibu GeoGebra. Ni ya bure, ukishaipakua haikudai intaneti, na jiometri, aljebra na grafu vyote vinakaa mahali pamoja. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg huko Austria. Kwa grafu peke yake, Desmos nayo haina shida. Basi, swali la programu limeisha. Lililobaki ndilo gumu: mwanafunzi afanye nini nayo?

Msimamo wangu ni kwamba skrini isitangulie. Mwanafunzi abashiri, aandike utabiri wake daftarini kwa kalamu ili asiufute kimyakimya, halafu kompyuta ndiyo iamue. Bila hilo, grafu inayocheza mbele ya darasa ni sinema tu. Watoto watafurahi, watasema wameelewa, na kesho yake hawana kitu.

Chukua y = ax² + bx + c. Weka vitelezi vitatu, yaani vile vitufe unavyovisukuma kushoto na kulia ili kubadili a, b na c. Uliza kila kimoja kitafanya nini kabla hujakigusa. Kwa c wengi wanapatia: grafu itapanda au itashuka. Kwa a pia hawakosei sana: itabana, itapanuka, na a ikiwa hasi itapinduka. Kisha uliza b. Hapo karibu darasa zima hukuambia kwamba grafu itasogea kushoto au kulia, na wanasema kwa uhakika kabisa.

Sasa weka a = 1 na c = 0, usukume b polepole kutoka −4 hadi 4. Grafu inasogea upande, ndiyo, lakini nukta yake ya chini kabisa inaanzia (2, −4), inapanda hadi (0, 0), halafu inashuka tena hadi (−2, −4). Darasa linapiga kelele, na ni kelele nzuri. Iambie programu iache alama kila nukta hiyo inapopita, na utaona inachora parabola nyingine, yaani mkunjo kama ule wa kwanza ila uliopinduliwa: y = −x².

Kwa nini? Hapa ndipo unapozima projekta na kurudi ubaoni. Nukta hiyo iko pale x = −b/2a, hivyo b = −2ax. Ukiirudisha kwenye mlinganyo unapata y = c − ax². Ni mistari miwili tu ya aljebra, ambayo siku nyingine wangeinakili wakipiga miayo. Leo wameiomba wenyewe, kwa sababu wamebashiri wakakosa. Kuna na nyongeza ambayo huwa naiachia wale wanaomaliza mapema: grafu zote hizo zinapita (0, c), na b ni mteremko wa grafu palepale.

Jiometri ina mtihani wake wa namna hiyo. Mwambie mwanafunzi achore mraba, halafu avute kona moja. Mraba wa kukisia kwa jicho unavunjika mara moja. Uliojengwa kwa miduara na mistari inayokutana kwa pembe mraba unakua, unazunguka, lakini unabaki mraba. Hapo mwenyewe anaona tofauti ya kuchora na kujenga.

Ila kuvuta si kuthibitisha, na hili walimu wengi wanaliruka. Mwanafunzi akivuta pembetatu huku na huko na jumla ya pembe ikabaki 180, ataona kazi imekwisha. Mimi napenda inapotokea kwamba skrini inaonyesha 59.33, 60.33 na 60.33. Ajumlishe: 179.99. Je, tumepata pembetatu ya ajabu, au mashine imekadiria desimali? Hakuna kiasi cha kuvuta kitakachojibu swali hilo. Mstari mmoja sambamba na kitako, uliopita kwenye ncha ya juu, unalijibu: pembe zote tatu zinapangana pale kwenye mstari ulionyooka.

Utabiri unamlinda mwanafunzi hata kwenye kikokotoo cha kawaida. Akibonyeza sin 30 akapata −0.988, anayejua kwamba jibu linapaswa kuwa nusu atagundua kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Asiyejua ananakili.

Halafu kuna zile programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote hadi jibu. Kuzipiga marufuku nyumbani ni kujichosha. Mimi nimebadili maswali. Badala ya “tatua x² − 5x + 6 = 0”, nauliza: andika milinganyo mitatu ya kipeo cha pili ambayo majibu yake ni 2 na 3. Wa kwanza wanaupata, kisha wanakwama, mpaka mmoja athubutu kuzidisha kila kitu kwa 2. Chora grafu zake zote: zinakata mhimili wa x mahali palepale, lakini kina cha kila moja ni tofauti. Ipi inapita (0, 12)? Najua programu za akili mnemba zinaweza kujibu hata hayo, kwa hiyo nayauliza darasani, kwa karatasi, na kompyuta inakuja mwishoni kuhakiki.

Kuhusu uhaba wa vifaa, kompyuta moja na projekta vinatosha, na mara nyingi navipendelea kuliko chumba kizima cha mashine ambamo kila mtoto yuko kwenye ukurasa wake. Mmoja anashika kipanya lakini haruhusiwi kuamua chochote. Wenzake wanamwelekeza kwa maneno tu. Wakisema “weka nukta pale”, anauliza pale wapi, na wanalazimika kusema: pale duara linapokata mstari, upande wa kulia wa A. Mwalimu asimame nyuma ya darasa, mbali na kipanya.