Tundu limepungua, upasuaji haujapungua

Naandika kwa sababu imani hii haiishi: kwamba vali ya moyo ikitengenezwa kwa roboti, basi moyo haukusimamishwa, mashine imefanya kazi yenyewe, na mgonjwa amepona siku ya pili. Ina madhara. Kuna wagonjwa wanaokataa kupasuliwa kidari wakati njia hiyo ndiyo salama zaidi kwao.

Wanaosema moyo hausimami huwa wanafikiria vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inayopitishwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba ndani ya mshipa, ambayo daktari Alain Cribier alimwekea binadamu kwa mara ya kwanza mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Hiyo ni tiba nyingine.

Kwa vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, tukitumia roboti hatupasui mfupa wa kidari. Tunapita kati ya mbavu upande wa kulia, mara nyingi nafasi ya nne, kwa mkato wa sentimita 4 hadi 6. Mikono ya roboti hupitia matundu yake ya milimita 8. Yanayofuata ndani ni yaleyale: heparini ya kuzuia damu isigande, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, aota kubanwa, kadioplegia (dawa ya kuusimamisha moyo), atiria ya kushoto, yaani chumba cha juu, kufunguliwa, nyuzi bandia za kushikilia vali, pete ya kuikaza. Daktari wa upasuaji Alain Carpentier, ambaye mbinu zake za kutengeneza mitrali tunazitumia mpaka leo, ndiye aliyeitengeneza kwa msaada wa video mwaka 1996 na kwa roboti mwaka 1998. Roboti haiamui chochote. Daktari yuko kwenye konsoli, meza ya kuiongozea roboti, na kila mshono ni wake. Tena kwenye mifumo mingi hauhisi mvuto wa uzi mkononi. Unausoma kwa macho, na asiyezoea huukata uzi au huchana tishu.

Sasa kinena, mahali ambapo hatari yenyewe imehamia na ambapo hakuna anayeuliza. Kifua kikiwa wazi, kanula, yaani mrija wa kurudisha damu kutoka kwenye mashine, huingia kwenye aota unayoiona. Kwa tundu dogo, damu hurudishwa kupitia ateri ya paja, ikipanda kinyume na mkondo wake. Waya ukichimba chini ya tabaka la ndani la ateri, au kanula ikilazimishwa kwenye ateri nyembamba yenye uchafu wa mafuta na chokaa ukutani, damu hujipenyeza ukutani na kuupasua kuelekea juu. Dalili ya kwanza huwa shinikizo la mrija kupanda ghafla kwenye mashine, na eko ya umio (picha ya mawimbi ya sauti inayopigwa kupitia koo la chakula) huonyesha utando unaocheza ndani ya aota. Hapo unasimamisha mashine, unahamisha kanula, unafungua kifua. Ndiyo maana nataka picha ya CT yenye dawa, kuanzia kifuani hadi kinenani, kabla mgonjwa hajaahidiwa chochote. Nikiona aota imejaa uchafu, nitachagua mfupa upasuliwe, hata mgonjwa akichukia kovu. Mguu nao unaweza kukosa damu kwa sababu kanula imeziba ateri. Kifaa cha kupima oksijeni hubandikwa kwenye shavu la mguu, na kipimo kikishuka kimrija cha pili huelekezwa chini.

Halafu hewa. Kifua kilicho wazi kinakuruhusu kuunyanyua na kuutikisa moyo. Tundu dogo halikuruhusu. Kwa hiyo kaboni dioksidi hupulizwa kifuani tangu mapema, maana huyeyuka katika damu haraka kuliko hewa ya kawaida, na mrija kwenye mzizi wa aota hufyonza mpaka eko ioneshe moyo safi. Ukiharakisha hapa unatafuta kiharusi. Waya za kuchochea mapigo nazo zishonwe kabla klampu inayobana aota haijaondolewa, moyo ukiwa mtupu. Ukishajaa, ventrikali ya kulia, chumba cha chini, haifikiki.

Muda wa kubana aota kwa kawaida huwa mrefu zaidi. Na faida? Utafiti wa Uingereza wa UK Mini Mitral, uliochapishwa mwaka 2023 kwa wagonjwa 330, ulilinganisha tundu la ubavuni, bila roboti, na kupasua kidari. Baada ya wiki 12 uwezo wa kimwili haukutofautiana. Siku za kulazwa zilikuwa 5 dhidi ya 6. Mimi naipenda njia ya ubavuni, hasa kwa anayetaka kurudi mapema kwenye kazi ya kunyanyua. Lakini kwamba roboti inampa mgonjwa zaidi ya kamera nzuri na vyombo virefu, bado sijashawishika.

Kabla ya kuuliza kuhusu roboti, muulize daktari wako kama vali itatengenezwa au itabadilishwa, na timu yake hutengeneza vali ngapi kama yako kwa mwaka.