Sanamu ya Mwalimu mbele ya chumvi ya Mtwara

Kamati inayopanga kusimamisha sanamu ya Mwalimu Nyerere katikati ya mji, kumuenzi kwa usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi aliyoishikilia hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kwa kawaida hubishana kuhusu sura na mkao. Ni haki yao, maana sura isiyofanana naye haitasamehewa. Ila kwa mji wa pwani kama Mtwara au Lindi, chumvi ijadiliwe kabla ya mkandarasi kusaini.

Bronzi ya sanamu, shaba takribani asilimia 90 na bati 10, ni ngumu kweli. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, ipo tangu 1927. Kinachowahi kuharibika ni vyuma vya ndani. Bolti za chuma cha kawaida zikigusana na bronzi penye unyevu wa chumvi huliwa upesi, kutu hufura, na jukwaa hupasuka kuanzia miguuni mwa sanamu. Dai bolti za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, na matundu ya kutolea maji chini ya nyayo. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hata kama uko karibu na ni bure. Nondo zifunikwe kwa zege isiyopungua milimita 50.

Rangi ya kijani iliyoshikamana isiwatishe. Wa kuogopwa ni unga wa kijani uliopauka, unaofutika kwa kidole kisha ukarudi: hapo kloraidi, yaani kemikali itokanayo na chumvi, imeshaingia ndani ya bronzi yenyewe, na kazi hiyo ni ya mhifadhi wa sanamu.

Usafi wa mwaka ufanyike mvua zikishakatika, kuanzia Juni. Osha kwa maji ya bomba (ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi), brashi laini na sabuni kidogo isiyo kali. Suuza, acha ikauke kabisa, kisha jua likishaipasha moto paka nta tabaka jembamba na uisugue kwa kitambaa. Steelwire, ndimu na dawa za kung'arishia ni marufuku. Vanishi nayo huonekana nzuri mwaka wa kwanza, halafu hubanduka vipandevipande na kufungia unyevu chini yake. Kuiondoa ni ghali kuliko nta ya miaka mingi.

Kinyesi cha ndege kioshwe mapema. Mashada ya Nyerere Day yawekwe chini ya jukwaa, yasitundikwe shingoni, kwani waya wake hukwaruza nta.